Muulize Shangazi: Mtoto anatazama runinga, kisha anageuza shingo nyuma

Barua za mwezi huu zimekuja zimevaa jezi. Nimechagua tatu, zote zinagusa mpira tunaoutazama na jinsi unavyowaunda vijana wetu wa kiume. Kwa wasomaji wapya, mimi nina sababu ya kuwa na maneno mengi hapa. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliniachia banda umiza kule Mbagala: televisheni moja ya chogo, king'amuzi, mabenchi ya mbao na deni la umeme. Nililiendesha mpaka wanangu walipomaliza shule. Sikuwa shabiki wa timu yoyote. Nilikuwa nakaa mlangoni na kopo la hela, na ukikaa mlangoni kioo hukioni vizuri, unaona nyuso.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kihonda, Morogoro. Mwanangu wa kwanza wa kiume ana miaka 11, yuko darasa la tano. Hapa nyumbani ni Yanga, Ulaya ni Arsenal, kama baba yake. Tangu aanze kwenda banda la jirani amebadilika. Mdogo wake wa miaka 6 akianguka na kulia, humwambia, "Nyamaza, unalia kama demu." Sahani haoshi tena, anasema jikoni ni kwa dada yake. Juzi timu yake ilifungwa, akarudi akaipiga teke ndoo ya maji niliyotoka kuichota, na dada yake alipocheka akamzaba kofi. Nilipomweleza baba yake alisema, "Mwache, ndiyo anakuwa mwanaume." Nataka nimpige marufuku mpira kabisa. Unasemaje?
*Mama wa Kihonda*

Marahaba mwanangu. Tuanze na kofi, mpira utasubiri. Ndoo aliyoimwaga airudishe bombani mwenyewe, aijaze, aibebe mpaka ndani. Dada yake aombwe radhi mbele ya baba na mbele ya mdogo wao, maana huyo wa miaka 6 ndiye mwanafunzi anayefuata kwenye darasa hilo. Usimchape. Ukimchapa kwa kosa la kupiga, atakachoelewa ni kwamba mwenye mwili mkubwa ndiye mwenye haki, na mwili wake yeye unakuja.

Sasa marufuku. Sikushauri, kwanza kwa sababu hutaweza. Mpira uko kwa kinyozi, uko kijiweni kwa bodaboda, uko kwenye simu ya mtoto wa jirani. Ukimfukuza sebuleni kwako utakuwa umemsogeza karibu zaidi na hao hao unaowaogopa. Sababu ya pili ni ndefu kidogo, nivumilie.

Bandani kwangu watoto walikaa mbele, chini, juu ya maboksi. Vijana walikaa mabenchi ya kati. Nyuma kabisa walikaa wababa na wale wenye kauli. Mpira ukitembea kawaida, macho ya watoto yako kwenye kioo. Likitokea jambo, rafu mbaya, beki kapigwa tobo, mchezaji kaanguka, kadi imetoka, wale watoto walikuwa wanageuza shingo nyuma. Ilinichukua muda kuelewa wanatafuta nini huko gizani. Walikuwa wanataka kujua, hapa wanaume wanacheka, wanakasirika au wanadharau? Wakishajua, wanageuka mbele na kufanya vivyo hivyo, wamechelewa kidogo tu.

Usiku wa fainali ya Kombe la Dunia ya 2006, Ufaransa na Italia kule Berlin, watu walijaa mpaka madirishani. Zidane, nahodha wa Ufaransa, alifunga penalti mapema, Materazzi, beki wa Italia, akasawazisha, mechi ikaenda dakika za nyongeza. Dakika ya 110 Zidane akageuka, akampiga Materazzi kichwa cha kifuani. Kadi nyekundu. Watoto shingo nyuma. Nyuma wakasema nini? "Huyo ndiye mwanaume! Katukaniwa mama yake!" Yaani walikuwa Mbagala, karibu saa sita usiku, sauti ya uwanjani haisikiki, lakini kesi imeshasikilizwa na hukumu imetoka. Wiki nzima iliyofuata watoto wa mtaa wetu walipigana vichwa vya kifua, na mmoja alivunja jino la mwenzake aliyeinama vibaya.

Lakini kioo kilionyesha na mengine usiku ule. Kilimwonyesha mtu akiwa kwenye mechi ya mwisho kabisa ya maisha yake ya soka, akipita pembeni ya kombe na kushuka vyumbani. Wenzake wakabaki kumi. Ilipofika zamu ya penalti, mpigaji wao wa kutumainiwa hayupo. Mfaransa mwenzake Trezeguet akagonga mwamba, Italia wakashinda 5-3. Kuhusu mwanaume na hasira zake hakuna somo lililowahi kuonyeshwa wazi zaidi ya hilo, na kwa kiingilio kile kile cha mia tano. Benchi la nyuma halikulitaka. Wakabeba kichwa, wakaacha kombe.

Ndiyo maana ukiniuliza nani anamfundisha mwanao, sitaanza na wachezaji. Sisemi ni malaika. Wapo wanaojiangusha, wapo wanaomzonga refa mpaka mishipa inawatoka shingoni. Ila mtoto wa miaka 11 haamui peke yake ni lipi la kuiga. Anaamuliwa. Huyo "demu" wa mwanao hakumsikia kwenye runinga. Mtangazaji wa Ligi Kuu ya Uingereza hasemi hivyo. Kamsikia benchi la nyuma, beki aliporukwa.

Halafu kuna jambo ambalo mtoto hawezi kuliona na wewe umweleze. Nusu ya matusi ya bandani si ya mpira, ni ya mkeka, yaani ile orodha ya mechi mtu anazobetia. Mtu kabeti hela ya kodi, timu ya mwisho kwenye orodha yake imetoa sare, mkeka umechanika, anafika nyumbani atasema nini? Basi anasimama anatukana wachezaji na kila aliye karibu. Mtoto aliyekaa kwenye boksi hajui habari za kodi. Anaona mtu mzima, mwenye ndevu, amefungwa magoli na anarusha kiti, anadhani hivyo ndivyo wanaume wanavyoipenda timu. Kisha anarudi Kihonda anakuta ndoo.

Na kwa baba yake, msomee hapa kwa utaratibu, wakati ameshiba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walipitia kumbukumbu za polisi wa mkoa wa Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Siku Uingereza ilipofungwa, taarifa za ukatili majumbani zilipanda kwa asilimia 38. Mtu anaweza kusema ni uchungu wa kufungwa. Lakini siku Uingereza iliposhinda au kutoa sare zilipanda pia, asilimia 26. Kwa hiyo uchungu peke yake hautoshi kueleza. Kuna pombe, kuna joto la siku yenyewe, na kuna mtu aliyekwishaamini tangu utoto kwamba siku ya mechi nyumba nzima lazima imwogope. Mpira haumfundishi mtu kupiga. Unampa siku ya kupigia. Mwanao ana miaka 11 na ameshaanza na dada yake. Hapo baba asiseme "mwache".

Sasa dawa. Simwiti baba yake adui. Tena yeye ndiye dawa yenyewe, kwa kuwa ni Arsenal na ni Yanga na mtoto anamtazama yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwambie hivi: mechi anazotaka mtoto azione, waende wote, au waone wote nyumbani kama king'amuzi kipo. Akae naye. Sihitaji atoe mawaidha katikati ya mpira, hakuna kitu kinachoudhi kama hicho. Likitokea jambo na mtoto akageuza shingo, akute uso wa baba yake, na baba aseme kitu cha kweli kwa sauti yake ya kawaida.

Kwa mfano, Saka, winga wa Arsenal. Mtoto wa Arsenal hawezi kuwa hajui habari za Saka, lakini nina wasiwasi hajasimuliwa ile ya Wembley. Julai 2021, fainali ya Euro, Uingereza na Italia wamefika penalti, na mkwaju wa mwisho wa Uingereza akapewa kijana wa miaka 19. Kipa akaupangua. Rashford na Sancho nao walikuwa wamekosa, na usiku ule ule watatu hao wakaanza kumiminiwa matusi ya ubaguzi mitandaoni. Lakini kabla ya matusi, pale pale uwanjani, kocha Southgate alimkumbatia yule kijana akilia. Southgate mwenyewe alikosa penalti Wembley mwaka 1996, nusu fainali dhidi ya Ujerumani. Kwa hiyo aliyekuwa anamshika alikuwa anajua. Miaka mitatu baadaye, robo fainali ya Euro 2024, Saka alisawazisha dhidi ya Uswisi dakika ya 80, na zilipofika penalti akaenda tena akapiga, akafunga. Baba amuulize mtoto: Saka angeambiwa siku ile "unalia kama demu", angerudi kupiga ya pili? Asimjibie. Amwache alale nalo.

Kuhusu sahani, wala usibishane naye. Mweleze habari za Japan kwenye Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi. Waliongoza 2-0 dhidi ya Ubelgiji, wakafungwa 3-2, goli la mwisho likiingia dakika za majeruhi. Hakuna kipigo kinachouma kama hicho. Wakaacha chumba chao cha kubadilishia nguo kimesafishwa mpaka kinang'aa, na karatasi ya asante imeandikwa kwa Kirusi. Ukimaliza kusimulia, mpe sahani. Zake na za mdogo wake. Jezi ya Arsenal nayo afue mwenyewe, kwa sabuni ya kipande, na aianike ndani nje isipauke. Akiipenda kweli atafua.

Na lile banda la jirani, nenda siku moja umuone mwenye nalo. Sisi wenye mabanda tuna nguvu kuliko tunavyokiri. Mimi niliweka kanuni kwamba mchana wa Jumamosi, mechi za mapema, hakuna pombe na hakuna mwenye kutukana, anayetaka hayo aje usiku. Wababa walinuna. Wakaja tu, maana dishi lilikuwa langu.

Shangazi, nina miaka 17, naishi Tabata. Mimi ni Simba damu. Mei 2025 tulipokosa Kombe la Shirikisho Afrika mbele ya RS Berkane ya Morocco nilikuwa naangalia na washkaji. Filimbi ya mwisho ilipolia nilishindwa, nikalia kwa kwikwi, sio machozi mawili matatu. Mpaka leo wananiita "Bibi Harusi". Hata Simba wenzangu wananicheka, sembuse Utopolo, watu wa Yanga. Marehemu baba ndiye aliyenifanya Simba, alifariki miezi michache kabla ya ile fainali. Sitaki tena kwenda kuangalia na watu. Je, mimi ni mlaini?
*Kijana wa Tabata*

Pole mwanangu, na pole ya msiba kwanza, kwa sababu naona umeuficha katikati ya barua kama mtu anayepitisha noti chini ya meza.

Mechi ile naikumbuka. Mlikuwa mmefungwa 2-0 kule Morocco, marudiano yakachezwa Zanzibar, Amaan, mkatoa 1-1. Timu ya Tanzania kufika fainali ya Afrika si kitu cha kila mwaka: Simba wenyewe walifika ya Kombe la CAF mwaka 1993 wakafungwa na Stella Abidjan, Yanga wakafika ya Shirikisho mwaka 2023 wakaikosa kwa goli la ugenini mbele ya USM Alger baada ya kwenda kushinda kwao Algiers. Watu wazima walilia mara zote hizo. Niamini, mlangoni na sokoni niliwaona. Wengi walisema ni vumbi.

Nikuambie nilichokiona miaka yote ya kukusanya kiingilio. Kijana akivunja benchi langu, wenzake walisema "ana uchungu na timu". Akitoa chozi, walisema "laini huyo". Uchungu ni ule ule mmoja. Mimi nitakuambia tofauti yake: chozi halijawahi kunigharimu fundi seremala.

Na hao washkaji wako wamemwona Cristiano Ronaldo, mtu wa misuli kama ile, akilia chini uwanjani alipoumia fainali ya Euro 2016, kisha akalia tena mwaka 2024 alipokosa penalti dhidi ya Slovenia. Wamemwona Messi akishindwa kuongea siku ya kuaga Barcelona, Agosti 2021, mkewe akimpa kitambaa. Nadhani hakuna aliyewaita bibi harusi. Kulia kwao kunaruhusiwa kwa kuwa wana makombe, kwako hakuruhusiwi kwa kuwa unaishi Tabata. Ni kanuni ya ajabu na wala hawajaitunga wao, wameikuta.

Lakini sidhani ulimlilia Berkane. Ulikuwa na mtu wa kuangalia naye mpira, fainali ikafika, hayupo. Msibani uliambiwa ujikaze wewe ndiye mwanaume wa nyumba sasa, sivyo? Huwa wanasema hivyo kabla hata tanga halijaanuliwa. Ukajikaza. Kisha refa akapuliza filimbi.

Usiwaelezee wote. Chagua mmoja, yule ambaye siku ile hakucheka sana, na umwambie sentensi moja: "Mechi zile nilikuwa naangalia na mzee." Basi. Kama ana akili timamu jina litakufa lenyewe kwa mdomo wake. Kama hana, utakuwa umejua mapema. Dele Alli, yule aliyekuwa Tottenham, alikaa na siri za utotoni na uraibu wa vidonge vya usingizi mpaka mwaka 2023 ndipo akakaa mbele ya kamera akasema, naye alikuwa amezungukwa na wanaume wenzake kila siku vyumbani. Wewe usingoje hivyo. Usiku ukiona hulali, au shule imekushinda, mwambie mama yako au mwalimu unayemwamini, na hospitali ya wilaya uliza daktari wa afya ya akili. Haitangazwi mtaani.

Mechi inayofuata ya Simba nenda kwa ndugu wa baba yako yeyote aliye Simba. Lazima yupo. Mtakaa, na atakusimulia mambo ya baba yako enzi za ujana ambayo mama yako hayajui na ni vizuri asiyajue.

Shangazi, mimi ni msichana wa miaka 14, Tanga. Nacheza namba saba shuleni. Kaka yangu anasema mpira wa wanawake sio mpira, ni mazoezi, na kwamba mpira ni kazi ya wanaume. Anaangalia mechi zote za wanaume lakini yetu hata moja hajaiona. Nimjibu nini? Halafu viatu vyangu vimeachia soli.
*Winga wa Tanga*

Mwanangu, huyu mwulize maswali ya historia. Taifa Stars walicheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980 kule Nigeria. Mara iliyofuata walikwenda lini? 2019, Misri. Miaka 39 katikati. Na katikati ya hiyo miaka, ni timu gani ya taifa ya wakubwa iliyokwenda fainali za Mataifa ya Afrika? Twiga Stars, timu ya wanawake, fainali za wanawake za 2010, Afrika Kusini. Wamerudi tena Morocco, Julai 2025. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika mwaka 2022. Na Simba na Yanga ya wanaume, ambayo yeye huiangalia mdomo wazi, imewahi kuchezeshwa na Jonesia Rukyaa, mwanamke, na wanaume 22 wenye jazba wakatii filimbi yake.

Akisema "hizo ni historia tu", mpeleke uwanjani akae golini, umpigie krosi na mashuti kwa muda wa kipindi kimoja. Usimcheke akifungwa. Akidaka msifu. Kaka aliyedaka shuti kali la dada yake huwa wa kwanza kulisimulia kijiweni, na akilisimulia lazima aseme lilikuwa kali.

Viatu usitupe. Soli ikiachia, usigandishe na gundi ya kubandika ya dukani, inapasuka ukipiga kona ya kwanza. Mpelekee fundi viatu aishone kuzunguka kwa uzi wa nailoni, kisha ndipo apake gundi, na uviache usiku kucha vimebanwa chini ya tofali. Mwambie kaka yako akulipie fundi.